Ng'ombe Wetu Yuko Serengeti

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Chacha, ng'ombe yuko wapi?" Nimeulizwa kisimani, nimeulizwa mashineni, nimeulizwa hata kanisani wakati wa kutoa sadaka. Nanyi mnanijua. Nikiulizwa na mtu mmoja ninajibu kidogo. Wakiwa wawili mdomo unafunga, naanza kutazama vidole vya miguu yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ninaandika polepole, kama shuleni, ambako mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijafika katikati. Hapa hakuna wa kufuta.

Habari za vibali na za kutafuta nauli nimeziacha. Zilikuwa ndefu na hazina ladha.

SHIMO LA NYUMA YA NYUMBA

Shimo letu mnalijua, wengine wenu mlisaidia kulichimba. Mtaalamu wa mradi alikuja hapa Susuni na pikipiki nyeupe, akawaita watu kwenye darasa la shule, akasema samadi ya ng'ombe ikifunikwa shimoni inatoa gesi, na gesi hiyo inaivisha ugali bila kuni na bila moshi. Mama aliposikia "bila moshi" akakohoa. Watu wakacheka. Naye akacheka, akakohoa tena mpaka akatoka nje. Kifua chake mnakijua. Nesi wa zahanati alishamwambia aachane na moshi, kama vile moshi ni rafiki mbaya. Lakini anayepika kwa mafiga atauachaje?

Masharti yalikuwa mawili. Shimo uchimbe mwenyewe, na uwe na ng'ombe wakubwa wawili wanaolala bandani, ili samadi isipotelee porini. Shimo tulichimba. Ng'ombe bandani alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa Serengeti.

Hapo niwaeleze wale ambao wazee wao hawakufuga. Zamani mtu wa kwetu hakuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mmoja alimwekesha kwa rafiki wa mbali. Ugonjwa ukija huku, kule amebaki. Mvua ikikataa huku, kule majani yapo. Anayemtunza anakunywa maziwa, na mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe. Babu yangu Chacha, ambaye mimi nimepewa jina lake, alimwekesha ng'ombe kwa rafiki yake upande wa Mugumu. Babu akafa. Rafiki akafa. Hata ng'ombe yule akafa. Aliyebaki ni mjukuu wa ng'ombe, kwa mjane wa yule rafiki, aitwaye Bibi Wegesa. Kwa hiyo mjukuu wa babu alikuwa anatumwa kumchukua mjukuu wa ng'ombe.

"Tusimpigie simu kwanza?" nilimwuliza mama.

"Mambo ya ng'ombe hayasemwi kwa simu," alisema. "Uso wa mtu utauonaje?"

Siku ile ya darasani kulikuwa na jambo jingine, nalo limenichanganya safari nzima. Mtaalamu alisema moshi wa kuni zetu unapanda juu, unaungana na moshi wa viwanda vya nchi kubwa, dunia inapata joto, na ndiyo sababu mvua zimepoteza njia. Mama akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mafiga yangu ndiyo yamefukuza mvua?"

"Hapana mama, si wewe," alisema mtaalamu. Akafikiri. "Lakini na wewe pia kidogo."

Halafu akasema ng'ombe naye akicheua anatoa hewa inayoharibu anga. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa mwanangu, unataka tuwe nao wawili, au tusiwe nao?"

"Wawili," alisema mtaalamu. Akaandika kitu ubaoni, mimi sikufika katikati.

SUSUNI MPAKA NKENDE

Mama alinipa kamba mpya ya katani na mfuko wa unga wa ulezi wa kumpelekea Bibi Wegesa. Kamba niliizungusha begani. Kumbe nilikosea, ningeificha kwenye mfuko. Pale wanapoegesha bodaboda Tarime mjini vijana wakaniona.

"Mura, we kijana! Na kamba mpya hiyo, unaenda kuoa au kuiba?"

Nikatazama vidole vyangu.

"Hasemi. Huyo anaenda kuiba. Wa kuoa wangekuwa wawili, yeye na mshenga."

Nililala kwa shangazi yangu, Nkende. Yeye anauza chapati mbele ya nyumba, na kila anachosema anakisema huku anakanda. "Ukifika kwa yule mama, usitaje ng'ombe siku ya kwanza," aliniambia. "Kula kwanza. Siku ya pili naye atajua, hutahitaji kusema sana. Wewe na kusema hamjawahi kupatana."

Hilo lilinifurahisha. Nilidhani nimepata safari isiyohitaji maneno.

TARIME MPAKA MUGUMU

Mahindi ya kwetu niliyaacha yamejikunja kwa jua. Gari lilipopita Nyamongo, tukavuka mto Mara, na mbele kidogo tukasimama. Korongo lilikuwa limejaa. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya barabara yakibeba matawi, na upande wa pili magari mengine yalikuwa yamesimama yanatutazama kama ng'ombe waliofungiwa zizi lao. Mvua ambayo tuliiombea kwetu mwezi mzima ilikuwa imeanguka hapa, yote kwa pamoja, mahali ambapo hakuna aliyeiita.

Tulikaa hapo mpaka jua likaanza kushuka. Akina mama wa kijiji cha karibu walileta viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya maziwa kwenye ndoo, kwa sababu gari likikwama kwao ni soko. Jirani yangu wa kiti alikuwa mwalimu, mwanamke wa Tanga aliyepangiwa kazi Serengeti. Alikuwa na maboksi ya miche ya miti, kila mwanafunzi wake atapanda mmoja. Asubuhi miche ilikuwa inakauka, akawa anainyunyizia maji ya kunywa. Mchana mvua ikaanza tena, maboksi mawili yaliyokuwa juu ya gari yakajaa maji. Akayashusha akaanza kumwaga maji.

"Nisaidie, kaka," alisema. Nikasaidia. Akaninunulia viazi na kuniuliza naenda wapi. Yeye alikuwa mtu mmoja, kwa hiyo nilimweleza.

"Kwa hiyo una ng'ombe wawili," alisema. "Na huo mradi si wa kaya maskini?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ni maskini au si maskini?"

Nilimwuliza umaskini unapimwaje. Akasema yeye si mtaalamu, lakini amesoma kwamba wanaangalia mtu anatumia kiasi gani kwa siku. Hilo nilikaa nalo mpaka maji yakapungua. Kwetu kuna siku hatutumii chochote. Ugali ni wetu, maziwa ni yetu, mboga iko nyuma ya nyumba, tunalala tumeshiba. Siku hizo ndizo tunazokuwa maskini kabisa. Halafu siku kifua cha mama kinapobana, tunakodi pikipiki, tunanunua dawa, tunakula mkate mjini. Siku hiyo tumetajirika. Nilitaka kumwambia mwalimu, lakini alikuwa amelala, kichwa juu ya boksi la miche.

KWA BIBI WEGESA

Kutoka Mugumu nilipanda pikipiki mpaka kijiji kilicho karibu na mpaka wa hifadhi. Nilimkuta Bibi Wegesa anapepeta mtama. Ni mwembamba, mrefu, sauti yake ni kubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

Hakuitikia. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Jina lako nani?"

"Chacha. Wa Susuni."

Ungo ulianguka. "Rhobi!" alimwita binti yake. "Rhobi, njoo uone! Chacha amekuja! Halafu ananiamkia shikamoo! Shemeji, umelewa?"

Nikasema tena shikamoo, nikidhani hakusikia.

"Anaendelea!" alisema. "Mtu aliyekunywa pombe na mume wangu kwa mrija mmoja. Ingia ndani, mzee. Goti lako vipi?"

Nilijua kwamba mjukuu akibeba jina la babu, wazee humtania na kumwita mzee. Mmeona hata hapa kwetu. Lakini hapa mtu anatania saa moja na kuacha. Bibi Wegesa hakuacha. Alinikalisha kwenye kigoda cha marehemu mume wake. Alichinja kuku, na firigisi, ambayo mimi kwetu sijawahi kuigusa kwa kuwa ni ya baba mwenye nyumba, aliiweka kwenye sahani yangu peke yake. Niliitazama. Rhobi akaninong'oneza, "Kula. Usipokula atasema umemkasirikia."

Nikaila. Sikuhisi ladha yake, kwa hofu.

Nilipoinua macho niliona anga. Paa la nyumba ya nyasi lilikuwa na turubai upande mmoja tu, upande wa pili palikuwa wazi kama kikapu kilichotoboka. Mtoto mchanga wa Rhobi alikuwa amelala chini ya turubai. Nilimwuliza Rhobi kama ni tembo, maana njiani nilionyeshwa shamba la mahindi walilolilala.

"Tembo walikula mahindi," alisema. "Paa lililiwa na ng'ombe wenu."

Nilidhani ananitania naye. Hakuwa anatania. Kiangazi kilichopita majani yaliisha kabisa. Bibi Wegesa alikuwa na ng'ombe wake watatu na wetu mmoja. Akapanda juu, akawa anachomoa nyasi za paa anampa wetu. Wake wakafa mmoja mmoja.

"Mbona asiwagawie wote?" nilisema.

Rhobi alinishangaa. "Atamwambia nini rafiki wa baba? Kwamba wa kwako amekufa, wa kwangu wapo?"

Mtoto aliamka. Maziwa ya Rhobi yalikuwa yamekauka alipougua baada ya kujifungua, kwa hiyo alimpa ya ng'ombe, kwa kikombe. Ya ng'ombe wetu. Ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na ndama mdogo nyuma yake.

Siku ya pili, kama shangazi alivyosema, sikuhitaji kutaja chochote. Bibi Wegesa aliona ile kamba. Hakuuliza. Alimfunga ng'ombe, akashika mkono wangu wa kulia, akaweka kamba ndani na kuvifunga vidole vyangu.

"Ng'ombe wako, Chacha. Niambie kama nilimtunza vibaya."

Nilitaka kuuliza mtoto atakunywa nini. Mdomo ulifunga. Nikamfikiria mama nje ya darasa, ameshika ukuta anakohoa. Nikaondoka na ng'ombe, na ndama akafuata.

KURUDI, NA KAMBA MKONONI

Mpango ulikuwa kutembea naye mpaka barabara kubwa, kungoja lori la wafanyabiashara wa ng'ombe linaloelekea Tarime. Nilitembea polepole kwa sababu ya ndama. Ng'ombe alikuwa anageuka kila mara kutazama nyuma, na mimi nilikuwa nageuka naye. Anayetuona kwa mbali angesema hawa wote wawili wametoroka.

Kwenye kijiji kimoja mlinzi wa ofisi akanisimamisha. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, wenyeji wote walikuwa wameenda huko. Waliobaki walikuwa yeye na mtendaji wa kijiji, na wote wawili walikuwa watu wa mikoa ya mbali. Mtendaji alikuwa mtu wa Lindi, mpole, amevaa kofia yake ya Ijumaa.

"Keti, kijana. Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wangu."

"Ulimpata lini?"

Hapo nikakwama. Mimi nilimpata jana. Chacha alimpata kabla sijazaliwa. Nilikuwa bado nachagua jibu, naye akaona nimekaa kimya muda mrefu mno. Kibali cha kusafirisha ng'ombe kilikuwa na jina la Chacha, lakini alikitazama kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa njiani. Akachukua kwangu namba ya jirani wa Bibi Wegesa, akapiga, bibi akapewa simu, na mtendaji akaweka sauti kubwa.

"Mama, kuna ng'ombe hapa mwenye baka usoni. Ni wa nani?"

"Wa Chacha!" sauti ilijaza ofisi. "Rafiki wa mume wangu!"

"Chacha huyo ana umri gani?"

"Umri! Ananizidi mimi. Ana pengo mbele, na goti la kushoto linamsumbua mvua ikinyesha."

Mtendaji aliweka simu mezani taratibu. "Kijana," alisema, "fungua mdomo."

Nikafungua. Meno yangu mnayajua, yote yapo.

"Tembea kidogo."

Nikatembea. Goti lilikuwa zima.

"Astaghafirullah," alisema mtendaji. "Umemfanya nini yule mzee?"

Ningesema maneno machache tu, kwamba ni jina, kwamba wananiita hivyo kwa heshima. Leo ninayaona yote, mepesi, yamejipanga. Siku ile walikuwa wawili, wote wananitazama, na maneno hayakuja. Mtendaji alipiga tena, akaomba bibi aje mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi. Hawakunifunga. Mlinzi alinipa nusu ya ugali wake na dagaa, huku akikaa kati yangu na mlango.

Ng'ombe alianza kulia. Kiwele kilikuwa kimejaa na ndama peke yake hakuweza kukimaliza. Mlinzi alijaribu kumkamua, akapigwa teke, sufuria ikaviringika mpaka barabarani.

Bibi Wegesa alifika na pikipiki, ameketi upande, kibuyu kwapani. Alipita mbele ya mtendaji, akanijia mimi. "Shemeji! Hata uzeeni unakamatwa?"

Mtendaji alisimama. "Mama, huyu ndiye Chacha?"

"Sasa ni nani? Ana jina lake, amekalia kigoda chake, amekula firigisi yake. Wewe kwenu jina la mtu linakufa?"

Mtendaji alinitazama, akaitazama simu yake, akaanza kucheka mpaka akavua kofia. Aliniomba radhi na kuagiza chai. Mimi bado nilikuwa sijui kama nimeachiwa kama Chacha mzee au kama mimi.

Bibi Wegesa alimwendea ng'ombe. Alimwita kwa jina lake, akampiga kidogo ubavuni, ng'ombe akatulia kama mtoto aliyeshikwa. Maziwa yalijaa kibuyu. Niliona anakitazama, anakitikisa, anasikiliza uzito wake. Halafu akakileta kwangu.

"Ya njiani," alisema. "Kwenu ni mbali."

Nadhani kama angekataa kunipa ng'ombe, ningemchukua. Kama angelia, labda pia ningemchukua na kutazama chini. Lakini kibuyu kile sikuweza.

"Wegesa," nilisema. Sikusema bibi. Sauti ilitoka, hata mlinzi aligeuka. "Maziwa haya ni ya nani?"

"Ya mwenye ng'ombe."

"Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Wewe, Chacha."

"Basi Chacha amesema ni ya mtoto wa Rhobi. Na ng'ombe arudi nayo. Nitakuja kumsalimia ndama akiacha kunyonya."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga na kusema, "Ndiyo kawaida yako. Kila mara unabadili maneno njiani." Akafungua kamba yetu shingoni mwa ng'ombe, akaikunja vizuri, akanivisha begani. "Usirudi mikono mitupu."

SUSUNI TENA

Njia ya kurudi sina la kusema. Gari halikukwama, korongo lilikuwa limekauka kana kwamba lile la siku ile nililiota. Safari nzima nilikuwa najiuliza nitamwambia nini mama.

Nilimkuta jikoni. Moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliona kanga kabla ya kumwona yeye. Aliangalia kamba, akaangalia nyuma yangu, akakohoa.

"Amekufa?"

"Hapana. Ananyonyesha."

Nilimweleza yote, la mtoto, la mtendaji, la meno. Aliendelea kusonga ugali. Nilipofika kwenye paa aliacha mwiko ukasimama wenyewe.

"Alichomoa paa lake?"

"Upande mmoja wote."

Moshi ulipita katikati yetu. "Ungemleta," alisema, "ningekurudisha naye usiku huo huo." Akakohoa, akainama, nami nikamshika mgongo. Nilisikia kifua chake chini ya kiganja changu, kinakwaruza. Sikujua kama nilifanya vizuri. Mpaka sasa sijui vizuri. Mtoto mmoja anakunywa na mama mmoja anakohoa, na anayepaswa kuchagua ni mtu ambaye hawezi hata kujibu "ng'ombe wa nani".

Mama alimsimulia jirani yetu, Mama Ghati. Naye mnajua ana ng'ombe mmoja, na mtaalamu alishamkataa kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni kwetu na ng'ombe wake mweusi. Alizungumza na mimi, si na mama.

"Chacha, nimekuja kumwekesha ng'ombe wangu kwako. Maziwa ni yenu. Moto tutagawana. Jiko langu liko hatua chache, bomba litafika."

Nilimtazama mama. Mama alitazama pembeni, eti anatafuta kuni.

"Kamba unayo?" aliuliza Mama Ghati.

Nilikuwa nayo. Nilimfunga bandani karibu na wetu, nao wakanusana, wakaendelea kucheua ile hewa inayoharibu anga.

Mtaalamu hajarudi bado. Atakuja, atahesabu wawili, halafu atauliza wa pili ni wa nani, maana watu wa mradi hawaachi kuuliza. Mama amesema yeye atakuwa shambani siku hiyo. Kwa hiyo nitajibu mimi, na nimeanza kujizoeza bandani, mbele ya ng'ombe wawili, ambao ni wengi kwangu.

Nanyi mlioniuliza, jibu ni hili. Ng'ombe wetu yuko Serengeti. Aliye bandani kwetu si wetu. Natumaini sasa mmeelewa, mnieleze na mimi.